Kicheko cha Duka la Dobi

Mlinzi wa matangi ya maji alimlea binti yake juu ya kilima, mbali na watu, tangu mkewe alipofariki. Alikuwa mkimya, maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kijiko. Kwa hiyo binti aliyafumbua mengi mwenyewe. Kwa mpira na taa aligundua kwa nini mwezi hupungua na kujaa, na hakuwa na wa kumwambia.

Baba alipostaafu, wakahamia mjini kwa dada yake, mwenye duka la dobi. Siku ya kwanza tu binti akamweka shangazi kitako, akamweleza habari za mwezi kwa chungwa.

"Ndivyo ulivyo," shangazi akasema. "Hata shuleni wanafundisha."

Binti alifurahi mno. Miaka yote alihofia kwamba akili zimemruka.

Kilichomshinda ni kicheko. Mpiga pasi, jamaa mwenye kitambi na mdomo usiopumzika, aliinua shati akasema limekunjamana kuliko sura ya mwenyewe. Shangazi akaangua kicheko. Binti akakimbilia maji.

"Kunywa, shangazi. Umepaliwa."

Wakacheka mpaka shangazi akaketi juu ya rundo la mashuka.

"Kwani shati lina sura?" binti alimuuliza mpiga pasi baadaye.

"Huo ni utani tu, dada. Ukiueleza unakufa."

Binti akajifungia chumbani, akajitania mbele ya kioo hadi akachoka. Wapi. Akatambua kwamba jambo hili mtu haligundui peke yake, akarudi dukani kukaa na wenzake.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alikuja amenuna, suruali imemwishia katikati ya goti na kifundo.

"Mmeifupisha," akasema.

Binti akaitazama suruali.

"Hapana, mzee. Imepanda kidogo kuyasalimia magoti."

Mteja alikaza uso, midomo ikamcheza, akashindwa kujizuia. Kitu kikamtekenya binti kifuani, naye akajisikia anacheka. Pembeni, baba aliyekuwa akikunja mataulo alicheka pia, kwa sauti yenye kutu.

"Mama yako ndiye aliyekuwa na maneno hayo," akasema.

"Alikuwa akisemaje, baba?"

Binti akavuta kiti. Baba akaanza kusimulia, na mpiga pasi akanyamaza kumsikiliza mpaka pasi ikapoa.