Mama Mkwe Aingia Kwenye Kamati

Chama chetu cha watu tuliohamia ugenini kiliongozwa miaka mingi na fundi mmoja wa mafriji ambaye sote tulimwita Radi, kwa sababu ya sauti yake. Radi akikusalimia kutoka ng'ambo ya barabara, madereva walifunga breki. Mkutanoni hakuhitaji hoja. Alikohoa tu, na mwenye wazo tofauti akakaa mwenyewe.

Kamati yake ilikuwa ya watu watatu. Katibu alikuwa kinyozi, na mhazini alikuwa dereva wa lori, bonge la mtu lakini mpole kupindukia. Kila Jumapili walikutana chumba cha nyuma cha saluni ya kinyozi, wakafungua kikao, wakazungumza mpira, wakafunga kikao. Wake zao wakiuliza kimeamuliwa nini, jibu lilikuwa kwamba mambo ya kamati ni siri. Na kweli yalikuwa siri, hata kwao wenyewe.

Halafu halmashauri ya jiji ikaleta utaratibu mpya: chama kisicho na mwanamke kwenye kamati hakitapewa ukumbi wa mtaa kwa mkutano wa mwaka. Radi alirudi nyumbani ameshika kichwa.

"Sasa mwanamke wa kuingia kamati tutamtoa wapi?" alimwuliza mkewe.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani katika kiwanda cha sare, alikuwa anapiga pasi. Akaiweka pasi chini, akajitazama kuanzia miguuni kwenda juu kama mtu anayehakikisha kwamba bado yupo. "Mimi je?"

"Wewe una maneno mengi, mama watoto. Kamati inataka mtu mtulivu."

Macho yake yakatua kwenye kochi. Pale alikuwa amekaa mama mkwe wake, ambaye alikuwa amehamia kwao baada ya kubaki peke yake huko tulikotoka. Televisheni ilikuwa inaongea, bibi amelala, kidevu kifuani, anakoroma taratibu. Radi akaona kwamba mtulivu zaidi ya huyo hayupo.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja. Mbele ya mama mkwe, ile radi yote ilikuwa inamwisha. Hakumkatalia kitu, hakupita mbele yake bila kuinama, na hata chafya ikimjia alikimbia kwenda kuipigia nje. Kwa hiyo alisubiri bibi aamke, akachuchumaa kando ya kochi, akamweleza kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa.

"Na huko kwenye kamati nitafanya nini, baba?" bibi akauliza.

"Hakuna kazi, mama. Ni kukaa tu."

"Haya. Kukaa naweza."

Mkewe akainua shati alilokuwa analipiga pasi, akajificha uso nyuma yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Jumapili bibi akafika saluni kwa wakati, amevaa nguo ya kutokea na mkoba begani. Chumba cha nyuma kilikuwa na vigoda tu, kwa hiyo kikao kikahamishiwa mbele, na bibi akapewa kiti cha heshima kuliko vyote, kile cha kunyolea. Kinyozi naye, kwa kutaka kuonyesha adabu, akakanyaga pedali ili kiti kiinuke kidogo. Kikapanda. Akakanyaga tena, kikapanda tena, na hapo pedali ikakwama. Ikabidi kikao kiendelee hivyo hivyo, mjumbe mpya yuko juu miguu inaning'inia, na viongozi wako chini wamekodoa macho kama watu wanaotengeneza antena ya paa.

Dereva akaanza ajenda ya kawaida. "Jamani, yule namba tisa ameumia goti. Msimu umekwisha."

"Maskini," bibi akasema kutoka juu. "Mmekwenda kumwona?"

Wakatazamana. "Hapana, mama," Radi akajibu. "Ni mchezaji wa mpira. Yuko mbali."

"Ni mwanachama?"

"Hapana, mama."

"Basi tumwombee apone, twende kwa wanachama. Nani mgonjwa? Nani amejifungua? Nani amefika juzi na hajui duka liko wapi?"

Kinyozi akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. Bibi akasubiri, kisha akajijibu mwenyewe, maana kumbe kwenye dirisha la ngazi za jengo letu, tunamoishi wengi wetu, pale anapoota jua kila asubuhi, alikuwa anawajua watu wetu wote kuliko kamati nzima. Ghorofa ya saba, alisema, kuna binti amejifungua, mume wake anafanya kazi usiku, hana hata shangazi wa kumshikia mtoto aoge.

"Twendeni," akasema.

"Leo, mama?" Radi akauliza.

"Kwani mtoto amezaliwa wiki ijayo?"

Walikwenda. Kwanza ilibidi wamshushe bibi kitini, dereva akambeba kama kikapu cha mayai. Huko ghorofa ya saba binti alifungua mlango, akaona wanaume watatu wamejipanga nyuma ya bibi, akafikiri wamekuja kumfukuza kwenye nyumba. Baada ya nusu saa binti alikuwa anaoga, Radi amelala chali nyuma ya friji lililokuwa linanguruma, kinyozi anaosha vyombo, na dereva amekaa wima kochini na mtoto kifuani, hathubutu hata kukohoa.

"Anatabasamu," dereva akanong'ona.

"Hiyo ni gesi," bibi akamwambia. "Mgeuze."

Jumapili iliyofuata yule binti alikuja kikaoni na mwanawe, maana bibi alimwalika. Iliyofuata akaja mpishi wa hospitali, mwanamke aliyetaka kuanzisha darasa la lugha ya wenyeji, na mfagiaji wa uwanja wa ndege aliyekuwa na hoja tatu na majirani wawili. Mke wa Radi alianza kumsindikiza mama yake "mpaka mlangoni tu". Mlango huo ulikuwa unamchukua saa mbili. Wateja wa kinyozi wakifika walikuta foleni ya akina mama, wakaondoka na nywele zao.

Radi akasema potelea mbali, huyu mjumbe lazima apumzishwe.

"Mwambie mama yako amefanya kazi nzuri, sasa apumzike," alimwambia mkewe.

"Mwambie wewe. Ulimwomba wewe."

Radi akafanya mazoezi kwa friji la mteja. Alilisimamia, akalinyooshea kidole, akaliambia wazi kwamba kamati si mahali pa wazee, na friji halikuwa na neno. Akarudi nyumbani amejaa ushujaa. Bibi akainua macho. "Unasemaje, baba?"

"Nilitaka kuuliza, mama... kama kile kiti hakikuumizi mgongo."

"Kidogo."

Kesho yake Radi akatoka kwenda kununua mto.

Siku ya mkutano wa mwaka ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bibi aliketi mstari wa mbele. Asubuhi nzima alikuwa amezunguka kuhimiza watu waje, na alipokalia kiti tu, usingizi ukamchukua. Radi akamwona amelala, moyo ukamruka kwa furaha. Sasa ndiyo saa. Atapendekeza bibi awe mlezi wa heshima, yaani abaki na jina bila kikao, kisha yeye achaguliwe tena mwenyekiti bila kupingwa, kama kawaida.

Akavuta pumzi ya kutosha ukumbi mzima. Kisha akakumbuka ni nani amelala mbele yake, umbali wa mkono. Pumzi ikatoka polepole.

"Ndugu wanachama," akanong'ona.

"Tunaanza?" kinyozi akanong'ona.

Basi mkutano wote ukaendeshwa kwa kunong'ona. Aliye mbele alimwambia wa nyuma yake, huyo akampa wa nyuma yake, mpaka ukutani. Kabla ya pendekezo la Radi la mlezi wa heshima kufika katikati ya ukumbi, mkewe alisimama. Alisema kwa ile sauti ndogo ya mama aliyezoea kuongea juu ya mtoto aliyelala, sauti ambayo haiamshi mtu lakini inafika jikoni. "Nagombea uenyekiti."

Uso wa Radi ukajaa damu. Akafungua mdomo, akamtazama mama mkwe, akaufunga. "Mimi bado!" akanong'ona kwa hasira. "Mimi sijachoka!"

Neno likasafiri. Lilipofika mstari wa mwisho lilikuwa limebaki "amechoka".

"Pole sana," jibu likarudi kutoka ukutani. "Apumzike, kazi ameifanya."

"Sijasema hivyo!"

"Amesema hivyo," mistari ikathibitishana.

Kinyozi akaitisha kura. Mikono ikanyooshwa kimya kimya, mingi sana, na ule mkubwa kuliko yote ulikuwa wa dereva wa lori. Makofi yalipigwa kwa kupunga viganja hewani. Hapo mtoto wa ghorofa ya saba akapiga chafya, na bibi akafumbua macho.

"Mmeanza?"

"Tumemaliza, mama," Radi akasema.

"Mwenyekiti nani?"

Radi akainama. "Mwanao, mama."

Bibi akamtazama binti yake, kisha akamshika Radi mkono kwa mikono yote miwili. "Hongera, baba. Wanaume wengi wasingekubali kumwachia mke. Wewe umekubali."

Angefanyaje? "Ahsante, mama," akasema.

Radi alinuna. Alikula amenuna, akachomelea mabomba ya mafriji amenuna, na darasa la lugha lilipofunguliwa alibeba meza amenuna. Juzi nilimkuta ukumbini, akaanza kunilalamikia kwamba chama kimeharibika.

"Zamani tulikuwa na vikao, bwana. Unaingia, unaongea, unaondoka. Siku hizi mtu anatoka kikaoni ana kazi!" Akamgeukia dereva apate mtu wa kumuunga mkono. "Si kweli?"

Dereva alikuwa amepiga magoti katikati ya watoto ambao mama zao walikuwa darasani, anatafuta kitu sakafuni. "Acha maneno, Radi," akasema. "Kuna kiatu kimoja hapa hakionekani. Hebu inua mguu."