Pete Isiyolia

Rashad alikuwa fundi wa mashine za boti pale Msambweni, na katika kazi yake aliamini jambo moja tu: kinacholia ni kigonjwa. Mashine ikigonga, alikitafuta kinachogonga. Akikipata alikikaza, na kisipokazika alikitoa. Watu wa kisiwa cha Funzi walimletea mashine zao zikipiga makelele, wakazichukua zikinguruma kwa adabu, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamikia ukimya.

Ndivyo alivyoipokea na lenzi ya Mwanapili. Mwanapili alikuwa mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake, na kamera yake ilikuwa ya marehemu babake, ile ya kutia mkanda wa filamu. Picha alizisafisha mwenyewe nyumbani, asizione mwanamume. Sasa pete ya lenzi, ile inayozungushwa kuongeza au kupunguza mwanga, ilikuwa imelegea, ikijizungukia itakavyo. Bibi harusi wa mwisho alitoka mweupe mno: macho yapo, hina ipo, pua haipo. Siku ya pili alasiri bibi harusi mwingine, Twaiba, angepambwa mbele ya wanawake, na Mwanapili alitaka pua ya Twaiba ionekane.

Rashad alifungua viskurubu vitatu, akasugua chumvi ya pwani, akakaza. Pete ikatulia. Lakini kila akiizungusha ilisema ta, ta, ta. Akachungulia chini yake, akaona gololi ya chuma, ndogo kuliko punje ya mtama, imekaa juu ya springi. Akavitoa vyote viwili akaviweka kisahanini, akapaka grisi, akafunga. Pete ikazunguka bila neno, naye akalala ameridhika.

Asubuhi Mwanapili aliizungusha, akaisogeza sikioni.

"Mbona hailii?"

"Nimeiponya."

"Nani alikwambia inaumwa?"

Mwanapili akamweleza. Kwenye kupamba simu zote hubaki kikapuni mlangoni, tangu picha ya bibi harusi mmoja, nywele wazi, ilipofika Mombasa kabla mwenyewe hajainuka kitini. Mlinzi wa mlango ni Bi Hasina, ambaye ana mtoto wa jicho, kwa hivyo hukagua kwa mkono na sikio. Huishika kamera, huizungusha pete, na ikilia huijua kuwa ni ile ya zamani isiyoweza kumtumia mtu kitu. Binamu wa kike wa bwana harusi mmoja alikuja na kamera mpya, kimya kabisa. Ilishinda kikapuni na simu.

Rashad akasema picha hazipigwi kwa masikio.

"Kwa Bi Hasina zinapigwa kwa masikio," akasema Mwanapili. "Nirudishie kelele yangu."

Rashad hakupenda kufundishwa kazi ndani ya kibanda chake. Alimweleza kwa kirefu kazi ya grisi, akimwelekezea bisibisi kila alipotaka kutilia mkazo. Alipomaliza akatazama kisahani. Springi ilikuwapo. Gololi haikuwapo.

Akafagia sakafu. Akakung'uta mkeka, akamwaga kopo la nati. Kisha akanyoosha bisibisi kuelekea mlangoni, akamshuku kuku aliyekuwa akidonoa pale, na akapendekeza achinjwe. Mwanapili akauliza kuku ni wa nani. Akajibiwa ni wa jirani.

"Rashad ndugu yangu," akasema, "hebu niazime hiyo bisibisi."

Ilikuwa na sumaku nchani, ya kuokotea skurubu. Gololi ilikuwa imening'inia hapo. Rashad alikuwa ameshaielekeza kwa Mwanapili, mlangoni, na kwa kuku.

Alitaka kusema kwamba alijua. Akaketi akafungua tena, springi ikamruka mara mbili, na kufikia adhuhuri pete ilikuwa ikisema ta, ta, ta. Masikioni mwake iliudhi kama mwanzo.

Alasiri alikwenda harusini. Wanaume walikuwa wanakula chini ya turubai, naye akachagua kiti kilichopakana na mlango wa wanawake, akadai huko kuna upepo. Akamsikia Mwanapili akitoa shikamoo, na Bi Hasina akiitikia marahaba na kuitaka kamera.

Ta, ta, ta. Bi Hasina akairudisha pete mwanzo, akaizungusha tena polepole. Tonge la Rashad likasimama njiani.

"Ina nini hii?"

"Imetengenezwa, Bi Hasina."

"Nasikia. Zamani ilikuwa ikikohoa. Sasa inatamka. Haya, pita mwanangu."

Rashad akala tonge lake.

Kesho yake Jumbe, mvuvi wa Funzi, alimletea mashine inayogonga. Rashad aliisikiliza kwa muda mrefu kuliko desturi yake.

"Kabla sijaifungua," akasema, "kelele hii kwenu kuna mtu anaihitaji?"

Jumbe akafikiri. Akasema mkewe huisikia ikiingia kwenye mikoko, ndipo anapoinjika wali motoni.

Rashad akachukua bisibisi, akaitazama ncha kwanza.

"Basi nitawabakishia kidogo," akasema.