Malkia wa Nusu Mzinga

Usiku wa kuamkia leo niliota mzinga umekuja kunibishia hodi. Ulikuwa wa nyuki wale tuliowagawanya juzi, mimi na mume wangu Maganga. Nusu moja ilibaki na malkia, nusu nyingine ikahamia mzinga mpya bila mama, na tangu hapo inanguruma mchana kutwa. Maganga alikuwa ameshakata shauri: kukikucha, tunawarudisha pamoja.

"Karibu ukae," nikauambia mzinga.

"Siwezi kukaa, nimebeba watu. Tunatafuta mama. Wewe umeshazaa?"

"Watoto wanne."

"Kwa siku?"

"Kwa miaka."

Mzinga ukaguna. Wakanong'onezana humo ndani, kisha nyuki kibarua akatoka, akavua kofia.

"Tutakuvumilia," akasema.

Sikuona ajabu yoyote. Nimekuwa mwenyekiti wa kwaya ya kanisa, umalkia utanishinda nini? Najifunga kanga, naingia kichwa kwanza.

Ndani ni ukumbi mkubwa, viti vyote vina pembe sita. Nyuki wananinusa, wanaanza kufoka.

"Ananuka sabuni!"

"Ananuka ukoo wa watu!"

"Kanuni ni kanuni," anasema yule kibarua. "Malkia mgeni hufungiwa kwanza, kundi lizoee harufu yake."

Wananitia kwenye kizimba cha waya, mlango wanauziba kwa donge la sukari. Watalila kutoka nje, polepole. Likiisha, ama wamenizoea, ama wananiua.

"Na mimi nile upande wangu?" nauliza.

"Kama una haraka ya kufa, kula."

Sili. Ninakaa nimekunja mikono, nawaimbia nyimbo za kubembelezea watoto. Donge linapungua. Mara kizimba kimekuwa chumba chetu cha kulala, na anayekula huko nje ni Maganga, shavu limemvimba kwa sukari.

"Mama Limi, toka tukaunganishe nyuki."

"Acha kula, Baba Limi! Hawajanizoea!"

"Mimi nimekuzoea."

"Wewe ni dume. Dume halina sauti humu."

Akameza tonge la mwisho. Mlango ukafunguka, kundi zima likanijia kwa pamoja, miiba nje. Sikurudi nyuma.

"Nani ana njaa?" nikauliza.

Ngurumo ikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshachomoza, na Maganga alikuwa amesimama mlangoni, haingii.

"Usitikisike," akasema.

Nikageuza macho tu. Begani kwangu walikuwa wametua nyuki wachache, wamejipanga duara, vichwa vyote vimenielekea mimi. Nyuki hawamkalii mtu hivyo. Humkalia malkia wao.

"Baba Limi," nikamwambia, bila kuinua kichwa kwenye mto wa kulalia, "leo hatuunganishi kitu. Nenda kawachemshie maji ya sukari."

Akaenda.