Tai wa Juu ya Boneti

Mtaani wananiita Bwana Chumvi, na sina kinyongo nao. Mtu anayeapa kwamba gari la mashindano la kaka yake lilikuwa na mbio hadi kivuli chake kikawa kinafika dakika tano baadaye, aitwe nani tena?

Lakini gari lenyewe lilikuwepo kweli. Kaka aliliendesha misimu mitatu, enzi zile magurudumu yana spoku kama ya baiskeli na boneti inafungwa kwa mkanda wa ngozi. Baadaye likauzwa kama chuma chakavu. Kaka naye akazeeka, mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili, na kwa mwaka wa pili alikuwa anakataa kupasuliwa.

"Nione nini?" alikuwa akisema. "Sura zenu nazijua, na hazijawahi kunisaidia."

Kisha akaanguka kwenye ngazi, akavunjika mkono. Daktari akasema safari nyingine itakuwa nyonga, na kwa umri wake hatainuka. Mkewe akanijia. "Shemeji, wewe una maneno. Mwambie." Nikamwambia. Akanifukuza.

Basi, angalau nimfurahishe. Nikaanza kumtengenezea gari lake, dogo, la kukaa mezani. Nilikuwa karani wa vipuri miaka thelathini. Kuvihesabu najua, kuvitengeneza nilijifunza kwa kujikata vidole. Bodi niliichonga kwa mguu wa kitanda chetu cha zamani, na ndiyo maana mke wangu sasa analala juu ya matofali. Spoku ni nyaya za feni iliyokufa, arobaini kila gurudumu. Bomba la moshi ni antena ya redio, mkanda wa boneti ni wa saa yangu. Rangi nilichanganya wiki mbili nzima mpaka nikaipata ile kijani yake ya chupa, nikapaka matabaka manane, kila moja nikilisugua kwa msasa wenye maji. Miezi mitano.

Nilipolimaliza nikamwekea mapajani. Vidole vilitembea: taa, usukani, kizibo cha tangi. Vikafika kwenye mkanda.

"Tundu la tatu," akasema polepole.

"Ndipo ulipokuwa unaufunga."

Akapitisha kiganja ubavuni. "Rangi je?"

"Kijani ileile, kaka. Naapa."

"Ukiapa ndiyo sikuamini kabisa."

Hebu fikiria! Siku moja maishani nimesema kweli tupu, natupwa nje kama maji ya vyombo. Nilitaka kununa. Ndipo nikaona mlango wa kumnasa umefunguka.

"Na ule mstari wa dhahabu ubavuni umetokea vizuri," nikasema.

"Mstari gani?"

"Wa dhahabu. Na yule tai mwenye taji juu ya boneti."

"Tai! Hakukuwa na tai!" Akapapasa boneti. "Wala hayupo."

"Amechorwa, na vanishi imepita juu. Kidole hakiwezi kumwona."

"Mke wangu!" kaka akaita. "Kuna tai hapa?"

Shemeji ni mtu ambaye hata umri wake anausema. Alitazama boneti tupu, akanitazama mimi, akavuta pumzi.

"Ni mkubwa," akasema. "Tena ameachama mdomo."

Kaka alifoka. "Nikifa watu watasema niliendesha gari la sarakasi! Mpigie daktari. Nataka niuone uchafu huu kwa macho yangu, halafu nimshughulikie huyu."

Walianza na jicho la kulia. Kesho yake daktari alipotoa bandeji, shemeji alisimama mbele kabisa, kitambaa cha kichwa kipya. Kaka alimtazama kwa muda mrefu, hadi muuguzi akageukia dirishani.

"Mbona hukuniambia umependeza hivi?" akasema. Kisha akanyoosha mkono kwangu. "Lete."

Akaligeuza gari kwenye mwanga, ubavu huu, ubavu ule.

"Tai yuko wapi?"

"Ameruka."

Hakucheka, mabega yake ndiyo yaliyocheka. Akachungulia ndani. "Kiti umekipaka cheusi. Kilikuwa chekundu."

"Cheusi, kaka. Nakumbuka kabisa."

"Nilikikalia mimi au ulikikalia wewe?" Akamgeukia daktari. "Jicho la pili lini? Kiti hiki nakipaka mwenyewe, na kwa jicho moja nitachafua usukani."

Daktari akafungua kitabu chake, akaanza kutafuta siku.