Maji ya Mkanda wa Mwisho

Tangu alfajiri ya jana Kachri hakuwa ameonja maji, na sasa jua lilikuwa limepinduka. Monghi alimpakata kwenye mkeka wa wanawake, mbele kabisa ndani ya jumba la senema, na kila baada ya muda alimwekea kidole chini ya pua kuona kama bado anapumua. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Hii ilikuwa siku ya tatu anahara na kutapika, na ngozi ya tumbo lake, ukiibana kwa vidole, ilibaki imesimama palepale. Monghi alikuwa mke wa mfinyanzi. Alijua kuwa udongo ukikaushwa kwa haraka hupasuka, na hakuna mkono unaoweza kuurudisha.

"Usimguse midomo," alisema Rudima, mama mkwe wake, bila kugeuka.

"Simgusi, Ba," alisema Monghi; kwao Ba ni mama.

"Nakuona."

Kweli Monghi alikuwa ameificha ncha ya mtandio wake iliyolowa jasho, akitaka kumpangusa nayo midomo. Akaiachia.

Nadhiri ilikuwa ya Rudima. Wajukuu watatu alikwisha kuwazika, na huyu wa nne alimpa mwenyewe jina la Kachri, yaani takataka, ili kifo kikipita mlangoni kione hapa hapana cha kuchukua. Lakini kifo hakikuwa na madaha hayo. Mtoto alipoanza kuhara, ndipo habari zilipofika kijijini kwamba mjini kumeletwa senema inayosema, na ndani yake ametokea Mama wa Kisima mwenyewe, mungu wao. Rudima alitoka uani, akaweka kiganja juu ya jiwe la kusagia, akaapa kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: yeye na mtoto huyu hawatatia maji kinywani mpaka wamwone Mama kwa macho yao akimnywesha yule mtoto aliyekufa.

Hakuna mtu katika Kathiawar yote, pande hizo za Bara Hindi, asiyeijua hadithi hiyo. Monghi aliinyonya pamoja na maziwa. Mwaka wa ukame, mke wa mchungaji anateremka ngazi za kisima kikavu na mtoto begani, na mtoto anamfia kwenye ngazi ya mwisho. Hapo Mama anatoka gizani kwa sura ya ajuza, anachota mchanga kwa viganja viwili, mchanga unageuka maji, anamnywesha maiti, na maiti anapiga chafya na kuomba mkate. Bibi yake Monghi aliiimba kila akisaga mtama. Ila sasa, walisema watu, unaweza kuiona. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto alimwinua mwanawe mgonjwa mbele ya pazia saa ile ile ya maji, akarudi kwao mtoto akitembea kwa miguu yake.

Waliposhuka kwenye mkokoteni wa ng'ombe asubuhi, Monghi alijaribu. "Ba, hospitali ile pale, karibu na stesheni. Tumpitishe kwanza."

"Wale watatu tulianza na daktari," alisema Rudima. "Niambie wako wapi."

Monghi alimpandisha mtoto begani, akamfuata.

Onyesho la mchana lilikuwa la wanawake peke yao. Viatu vilirundikana mlangoni kama mlangoni pa hekalu, na ndani moshi wa ubani ulikuwa mzito mpaka macho yakawasha. Nazi zilipangwa chini ya pazia jeupe. Santok, mwanamke aliyesimamia mlango, alipita katikati ya watu akigomba.

"Ninyi mnaotafuna dengu, maganda pelekeni kwenu! Hili si zizi!"

"Santok, dada, huo ubani punguzeni," alisema mama mmoja mnene mwenye bangili za pembe. "Mama akitokea atakohoa kabla hajasema neno!"

Wakacheka. Monghi alishangaa kuwa siku kama hii watu wanaweza kucheka.

Picha ilianza. Mama alipoonekana mara ya kwanza, akiwa amekaa juu ya mwamba na taji kichwani, wanawake wote walisimama wakainamisha vichwa, na maua ya njano yakarushwa mpaka yakaligonga pazia. Rudima aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Alipoinuka, Monghi aliona midomo yake imepasuka na damu kidogo imekauka pembeni. Ajuza huyu naye hakuwa amekunywa. Hilo ndilo lililomzuia Monghi kumchukia.

Wakati wa mapumziko Santok alikuja na mtungi kiunoni na kikombe cha shaba. "Maji! Maji baridi! Nani ana kiu?"

Kachri alifungua macho. Tangu asubuhi hakuwa ameyafungua.

"Ma," alisema. "Maji."

"Mwambie bado kidogo," alisema Rudima. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza.

"Bado kidogo, mwanangu. Kidogo tu," alisema Monghi.

"Maji," alisema tena mtoto, akanyoosha mkono kuelekea mtungini, na mkono ukaanguka.

Santok alikwisha kuchota. "Huyu mtoto mbona yuko hivi? Chukueni, haraka."

"Ana nadhiri," alisema Rudima.

Santok alirudisha kikombe kifuani pake kana kwamba kimemuunguza. Nadhiri ya mtu haiguswi; anayemvunjia mwenzake huibeba yeye. Alimtazama Monghi, akamtazama mtoto, akapita. Monghi alisikia maji yakicheza ndani ya mtungi mpaka mwisho wa jumba, kikombe baada ya kikombe, na kila mwanamke aliyemeza alimsikia.

Nusu ya pili ilikuwa ya ukame. Mke wa mchungaji aliimba huku akiteremka ngazi. Zilikuwa ngazi nyingi, na wanawake walilia waziwazi, wengine wakimwita, "Shuka, mwanangu, shuka, usiogope!" Monghi hakulia. Aliubana mkono wa Kachri, na mkono haukumbana tena. Aliweka kidole puani. Akangoja. Pumzi ikaja, fupi, halafu ikakawia.

"Ba, haraka," alinong'ona, kana kwamba Rudima ndiye aliyekuwa akiendesha mashine.

Kwenye pazia mtoto alikufa. Mama yake akamlaza kwenye ngazi ya mwisho, akajipiga kichwa ukutani. Hapo Rudima alimpokonya Monghi mtoto, akasimama, akamwinua kwa mikono miwili mbele ya pazia, na mwanga ukamwangukia Kachri usoni na miguu yake membamba ikaning'inia.

"Mama!" aliita Rudima. "Huyu hapa! Mtazame, huyu hapa!"

Pazia likawa jeupe. Taa zikawaka.

Hapakuwa na ajuza, wala mchanga, wala maji. Na cha ajabu, hakuna aliyeuliza. Wanawake waliinuka wakiwa na machozi mashavuni, wakawasha vitaa vya samli, wakaanza kuimba wimbo wa kumsifu Mama kama watu walioona kila kitu. Rudima peke yake alibaki ameinua mikono.

"Bado!" alisema. "Mama hajatoka. Waambieni bado!"

Santok alikuja akamshika kiwiko. "Teremsha mikono, bibi."

"Mkanda umekatika? Waunge, mimi nangoja."

"Haukukatika." Santok alishusha sauti. "Mkanda wa mwisho uliungua kwenye mashine, katika mji walikotoka wenye picha kabla ya kuja hapa. Tangu wafike wanaishia hapo hapo. Mwanzo fundi aliogopa watu watampiga. Kumbe hakuna anayesema kitu. Hadithi wanaijua, bibi. Mwisho wanaumalizia wenyewe njiani."

"Na yule wa ng'ambo ya mto? Aliyemwinua mwanawe?"

"Labda alimwinua. Lakini maji hayo hapa hayajaonekana hata siku moja."

Rudima alikaa chini taratibu, mtoto mapajani. "Mwingine unakuja lini?"

"Wameagiza Bombay. Ijumaa, wakijaliwa."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Tutangoja," alisema Rudima.

Miaka mitano Monghi alikuwa ameolewa katika nyumba ile, na kwa miaka mitano hakuwahi kusema mbele ya mama mkwe wake kwa sauti ya juu kuliko mnong'ono, wala bila mtandio kushuka usoni. Sasa mtandio ulikuwa umeanguka mabegani na hakuuokota.

"Dada Santok," alisema, "nipe kikombe hicho."

"Monghi!"

"Nipe. Dhambi ni yangu, wewe hukusikia chochote kuhusu nadhiri."

"Nadhiri ni nadhiri, binti!" alisema yule mama mnene. "Ukiivunja Mama atamchukua hapo hapo, mikononi mwako."

"Nyamaza wewe, umekunywa vikombe vitatu nikikuhesabu," alisema Santok, na akachota.

Monghi alipiga magoti, akamtia Kachri mkono kisogoni, akakileta kikombe midomoni. Kofi la Rudima lilikikuta hewani. Kikombe kikalia sakafuni, maji yakamwagikia mtoto shingoni na kwenye mtandio wa mama yake.

"Wanne!" Rudima alipiga kelele. "Unataka nizike wanne? Mimi nimeapa! Kwa kinywa changu nimeapa!"

Monghi alikiokota kikombe, akamnyooshea Santok. Santok alichota tena, akakipeleka kikombe cha pili, na mkono wa Rudima ukainuka tena. Wanawake wote walikuwa wameacha kuimba, vitaa mkononi.

Kachri alikuwa amegeuza uso. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, lakini mdomo ulikuwa ukitafuta, kama wa mtoto aliyezaliwa leo, ukapapasa shingo, ukapapasa kitambaa, ukaukuta mtandio uliolowa. Ukaukamata. Akaanza kunyonya. Sauti yake ilisikika jumba zima.

Mkono wa Rudima ulibaki juu. Alitazama mdomo ule ukifyonza kitambaa, kikakauka, ukasogea kutafuta penye unyevu. Kisha mkono ukashuka, si kwa hasira, bali kama wa mtu aliyechoka kubeba.

"Mpe," alisema.

Monghi alimpa. Funda la kwanza lilitoka pembeni mwa mdomo. La pili lilimezwa.

Rudima hakungoja la tatu. Alimnyakua mtoto, akatoka nje bila viatu, akakimbia kwenye mchanga uliokuwa unachoma, ajuza asiyekunywa maji siku mbili, akiwapigia watu kelele wapishe njia. Monghi alimfuata na kikombe cha shaba mkononi, na Santok hakumwita akirudishe.

Daktari wa ile hospitali ya karibu na stesheni alikuwa mtu mkavu mwenye macho ya usingizi. Alimbana Kachri ngozi ya tumbo, akamfunua kope, akaagiza sindano kubwa na maji ya chumvi yaliyochemshwa. Alifanya kazi muda mrefu bila kuwatazama. Kisha akauliza, "Nani alimnyima maji mtoto huyu?"

"Mimi," alisema Monghi.

"Mwongo huyo," alisema Rudima kutoka mlangoni. "Ni mimi."

Daktari alimtazama yule ajuza, nyayo zilizobabuka, midomo iliyopasuka.

"Atapona?" aliuliza Monghi.

"Niulize kesho. Mngechelewa saa moja zaidi, usingekuwa na la kuuliza." Alichukua kijiko, akamwekea Rudima mkononi. "Njoo ukae hapa. Kijiko kimoja, uhesabu mpaka mia, kijiko kingine. Akitapika, anza upya. Usilale. Na wewe mwenyewe unywe."

Rudima hakunywa. Alikaa kando ya kitanda, akaanza kuhesabu kwa sauti, kama watu wasiojua kuandika wanavyohesabu, akikunja vidole. Monghi aliegemea ukuta. Mtoto hakuwa akisogea. Kila mama mkwe wake alipofika mia, Monghi aliacha kupumua mpaka asikie kuwa Kachri amemeza, na hesabu ikaanza tena: moja, mbili, tatu.