Kilichomfungia Mheshimiwa

Kazi yake ilikuwa kusoma matusi ya watu kutwa nzima, kwa hiyo hakuwa mtu wa kushtushwa na maneno. Alikuwa mkaguzi katika ofisi ya ghorofa ya tatu iliyokodiwa na kampuni ya mtandao wa kijamii: kompyuta mia moja, viti vya magurudumu, na bango ukutani lililosema SAUTI YAKO INA THAMANI. Ufunguo wa choo ulikaa kwa msimamizi, na ilibidi uuombe.

Jumatatu ile, lakini, alishtuka. Mheshimiwa, kiongozi wa nchi mwenye wafuasi milioni sita mtandaoni, alikuwa ametoa video akiwa ndani ya gari lake. "Wale mafundi cherehani wa nyuma ya stendi ni chawa," alisema. "Ijumaa tunapita na kiberiti. Chawa dawa yake moto."

Kosa lao? Walikataa kushona sare za chama bure. Na nyuma ya stendi ndiko alikoshonea dada yake mkaguzi, aliyemlea tangu mama yao afariki na kumsomesha kwa cherehani hiyo hiyo.

Akabonyeza "inachochea vurugu". Jibu likarudi kabla hajameza mate: HAIJAVUNJA KANUNI ZETU. MZUNGUMZAJI NI KIONGOZI WA UMMA. Akabonyeza tena, likarudi lile lile. Akamfuata msimamizi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Subirini kwa sababu hakuwa na neno lingine.

"Bosi, huyu anataka kuchoma watu."

"Subirini kwanza. Kiongozi akisema, hiyo ni habari. Wananchi wana haki ya kuisikia."

"Hata wale watakaochomwa?"

"Hao hasa," akasema, akaendelea kukoroga chai yake.

Akampigia dada yake simu. "Dada, funga banda uje kwangu."

"Nifunge niende wapi, mdogo wangu? Nina vyerehani vinne na mafundi watatu wananitegemea. Wewe si uko huko huko kwenye mtandao? Waambie wenyewe waone."

"Nitawaambia, dada." Akakata simu kwa aibu, maana wenyewe walikuwa wameshaona mara mbili.

Mchana hakula. Akairudia video, safari hii akiwa amevaa spika za masikioni, na ndipo akasikia: kwenye redio ya gari, nyuma ya yale maneno ya kiberiti, msanii mmoja analilia mapenzi. Wimbo mzima!

Sasa jamani, muuelewe utaratibu wa ofisi ile. Lalamiko la mtu kuchomwa hupanda ngazi, likafie huko juu. Lalamiko la wimbo haliendi kwa mtu. Kuna kisanduku, unakitia alama, kompyuta inalinganisha wimbo na kuamua yenyewe. Nyimbo tatu zisizo na ruhusa, akaunti inazimwa. Wale waliomwekea Mheshimiwa kinga ya uongo, kinga ya matusi na kinga ya kiberiti hawakukumbuka kumwekea kinga ya muziki. Nani angefikiri?

Akapiga moyo konde. Akafukua video za zamani: Mheshimiwa akikata kiuno jukwaani, Mheshimiwa akipungia umati, kila moja na wimbo wa watu. Alitia alama kumi na moja, jasho likimtoka, mara Bwana Subirini akasimama nyuma yake na kikombe.

"Unafanya nini?"

"Nalinda haki za wasanii, bosi."

"Safi sana. Hiyo ndiyo kazi."

Saa tisa na dakika nane Mheshimiwa akazimwa kama kibatari. Wafuasi milioni sita, kwisha habari.

Loo, kila mtu akadandia! Kampuni ikatangaza kwamba haivumilii chuki, na kwamba imechukua hatua hii baada ya tafakari nzito. Mheshimiwa akaita waandishi wa habari akalalama kwamba mabeberu wanaziogopa fikra zake, ila mbele ya kamera zao hakuthubutu kurudia habari ya kiberiti. Wasomi wakabishana redioni siku mbili kama demokrasia imepona au imekufa. Bwana Subirini akapewa cheti. Wimbo hakuna aliyeutaja. Ijumaa vijana wa chama wakasubiri kuambiwa wakutane wapi na saa ngapi, hawakuambiwa, wakarudi makwao.

Jumamosi mkaguzi akaenda nyuma ya stendi. Dada yake alitupa kitambaa alichokuwa akikipinda, akamkumbatia huku analia.

"Mdogo wangu, nilidhani hatuna mtu. Kumbe wakubwa wa huko walituona! Ni kweli wamemfungia kwa ajili yetu?"

Mkaguzi alitaka kusema kweli. Akamtazama dada yake, akawatazama wale mafundi watatu walioacha kukanyaga vyerehani ili wasikie jibu.

"Eeh, dada. Kwa ajili yenu."

"Sisi hawa? Wa nyuma ya stendi?"

"Nyinyi hawa."

Dada akajifuta machozi, akawageukia mafundi wake kwa furaha isiyo kifani. "Mmesikia? Si niliwaambia! Na sisi ni watu!"

Mkaguzi akainama, akajifanya anaokota sindano.