Adabu ya Maate

Bwera nzima, mji mdogo wa Uganda mpakani mwa Kongo, hakukuwa na mkwe aliyesifiwa kama Maate fundi cherehani, na hakuna aliyezichukia sifa hizo kama Maate mwenyewe. Kila aliposikia watu wakimtaja kwa heshima, shingo ilimwingia mabegani, akatafuta kisingizio cha kuondoka.

Mama Lanyero, mama mzazi wa mkewe Olivia, aligunduliwa kuwa na saratani ya titi mwaka 2017. Alikuwa Mwacholi, mjane wa mchimba shaba wa Kilembe, na baada ya mumewe kufa aliendelea kuishi Kasese peke yake. Maate ni Mukonzo. Lugha zao zilikutana kwenye Kiswahili tu, lakini mila zao zilikutana vizuri mno: kwao wote wawili, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, na mwanamume haingii chumba anacholala mama wa mkewe. Miaka tisa Maate alikuwa akimsalimu kwa mbali, macho yakitazama majani.

Sasa nani angempeleka hospitali ya Mbarara kutundikiwa dawa? Olivia alikuwa mjamzito, na nesi Kembabazi wa huko alikuwa ameonya kwamba mwenye mimba asiguse matapishi wala mkojo wa mgonjwa siku mbili tatu za kwanza, kwa kuwa dawa hutoka humo ingali kali. Ndugu wa kiume hakuwapo. Ikabidi mkwe. Mama Lanyero akahamia Bwera, akapewa nyumba ndogo ya nyuma, na wote wakakubaliana kutolizungumzia sana jambo hilo.

Safari ya kwanza walikaa kwenye benchi la wodi kama watu wasiojuana. Dawa ilikuwa nyekundu, na Mama alipotoka chooni uso umemsawijika, nesi alimtuliza kwamba rangi ile ya mkojo si damu, ni dawa inatoka. Kisha akamgeukia Maate, maana ndiye aliyekuwa na kalamu.

"Dawa hii haina macho," alisema. "Inaua kitu yote yenye inakua haraka. Kansa inakua haraka, inaipiga. Lakini nywele pia inakua haraka. Ngozi ya ndani ya mdomo, tumbo, zote. Na askari ya damu, ile yenye inapigana na magonjwa. Kuanzia siku ya saba mpaka ya kumi na nne, askari inabaki kidogo sana. Homa ikikuja hapo, ikifika thelathini na nane, usingoje. Hata saa moja usingoje. Leta yeye hospitali ya karibu na hii barua."

Maate aliandika yote. Alinunua na kipima joto.

Safari ya pili nywele za Mama zilikuwa zimekwisha, kucha zimeanza kuwa nyeusi, na chakula chote, alisema, kilikuwa na ladha ya msumari. Chupa haijafika nusu, akaanza kutapika. Kitambaa kikamwanguka kichwani. Maate alitazama dirishani kidogo, kisha akatazama huku na huku. Hakuona mtu wa Bwera. Basi akamshikia beseni, akamfuta mdomo, akaokota kitambaa na kumfunika kile kichwa kitupu kwa mikono yake mwenyewe.

"Asante, mwana wangu," Mama akasema. Miaka tisa alikuwa hajamwita hivyo.

Siku ya kumi baada ya dozi hiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la Mpondwe. Olivia alikuwa amepelekwa hospitali kujifungua, na jirani yao Tabisa alikwenda kukaa naye. Maate alibaki akishona gomesi, gauni refu la arusi, barazani, mita chache kutoka nyumba ndogo. Mlango wa Mama ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Mbele ya Maate alikaa mzee Ezironi wa kanisani, aliyeleta suruali ya kupunguzwa na maneno ya kumtosha hadi jioni.

Saa nne hivi kitanda kilianza kugonga ukuta. Ilikuwa baridi ya homa. Maate aliijua, maana malaria hutikisa watu vilevile. Kisha sauti ya Mama, ikimwita yeye.

"Baba ya watoto. Kuja."

Maate alisimamisha cherehani. Ezironi naye aliinua macho, akatazama pazia, akamtazama Maate. Macho yale yalisema mengi, au ndivyo Maate alivyoyasoma.

"Mama iko anataka mwanamuke," Maate akasema. "Nitatuma mutu aite Tabisa."

Alimwomba mwendesha bodaboda apite hospitali. Kipima joto kilikuwa mfukoni mwake. Kilitakiwa kuwekwa kwapani, na kwapa lilikuwa nyuma ya pazia. Akakaa. Akakanyaga cherehani.

Mama aliita tena. Cherehani ikasimama, Maate akasikiliza, akasema moyoni Tabisa yuko njiani, akakanyaga tena, safari hii kwa kasi. Bodaboda hakurudi. Mshono wa gomesi ulikwenda kombo, na Maate, fundi asiyerudia mshono, aliufumua mara mbili. Mzee aliaga saa sita, na hata hapo Maate hakuinuka, kwa kuwa wanawake walikuwa wameanza kurudi kutoka sokoni na njia ilipita hapo hapo mbele ya ua. Barua ya nesi ilikuwa ndani ya daftari la vipimo. Aliikumbuka neno kwa neno.

Tabisa, ambaye ujumbe haukumfikia, alifika saa nane na habari njema ya mtoto wa kike. Aliingia nyumba ndogo akicheka, akatoka mbio. Hospitalini, walikomkimbiza Mama, daktari aliuliza homa ilianza lini. Maate akasema saa saba.

Mama Lanyero hakufa. Alilala wodini siku kumi na sita, sindano asubuhi na jioni, na alipotoka alikuwa hawezi kusimama bila kushikwa. Daktari akaandika kwamba dozi ya tatu isubiri mpaka damu yake irudi hali yake. Uvimbe, alisema kwa huzuni, haujui kusubiri.

Siku ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, ua ulijaa. Mama aliketi kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa vizuri. Mzee Ezironi alisimama na soda yake mkononi.

"Vijana ya leo habana heshima," alisema. "Lakini huyu Maate nilimuona na macho yangu. Mama mukwe iko mugonjwa ndani, mulango iko wazi, yeye haingii. Anangoja mwanamuke. Huyu ndiyo mutu."

Watu wakapiga makofi. Maate aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake ilikuwa imemfikisha mbali, na sasa walitaka kumtandikia mkeka aendelee. Alisimama.

"Mzee, usinisifu. Nilimusikia tangu saa ine. Daktari nilimudanganya, nilisema saa saba. Na haikuwa mila. Kule Mbarara nilimushika, nilimupanguza mudomo, sababu hakuna mutu aliyenijua. Hapa wewe uliniona, nikaona haya. Nilijua homa inaweza kumuua. Waliniambia, nikaandika."

Ezironi akaketi taratibu. Maate alimgeukia Mama Lanyero, na kwa mara ya kwanza Bwera, mbele za watu, akamtazama usoni. Alitaka matusi. Yangemsaidia.

"Najua, mukwe," Mama akasema, wala hakupandisha sauti. "Nilikuwa naita, cherehani inanyamaza. Halafu inaanza tena."

Olivia alikuwa ananyonyesha. Alimtazama mumewe, akainuka na mtoto wake, akaenda kukaa kwenye mkeka, upande wa mama yake.